Maini ya Tai

Serikali ilipopunguza wafanyakazi, mume wangu Silvano aliacha kuwa bwana mifugo, ila ni kama watu hawakuambiwa. Waliendelea kumletea ng'ombe na mbuzi. Na kwa kuwa aliwahi kumtibu mwewe akapona, basi na ndege walao nyama nao wakawa wake. Dawa hana. Duka la mtu binafsi lililofunguliwa mjini Lushoto liliuza dawa za kupe na minyoo tu. Silvano alibaki na kichupa kimoja cha dawa ya usingizi.

Siku ya soko, mwanamke mmoja, Mwanaisha, alipanda kutoka Mnazi, kule bondeni, na tenga kichwani. Ndani mlikuwa na tai, bawa limevunjika.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba. Amekula?"

"Tangu jana hajagusa kitu."

"Vizuri. Akilazwa kwa dawa na chakula tumboni, atapaliwa afe."

Hayo niliyasikia baadaye. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha sindano. Mwanaisha akaenda sokoni, Silvano akaenda kuchonga vijiti vya kufungia bawa, na tenga likaachwa mlangoni kwangu. Tai alikuwa ananitazama nikikata maini. Kwetu mgeni haachwi akiangalia sufuria. Nikampa vipande vinne, akala vyote, nami nikafurahi kama mjinga.

Siku nyingine Silvano angempapasa koo kwanza. Siku hiyo alikuwa amelima tangu alfajiri. Alimchoma sindano kifuani, shingo ya tai ikalegea, akaanza kufunga bawa. Alipogeuka kuchukua kitambaa, kipande cha maini kikachungulia mdomoni mwa ndege. Nilikitoa haraka kwa pindo la kanga, nikakificha. Tai alikuwa ameshaacha kupumua.

Silvano alimkandakanda kifua hadi akachoka.

"Nimezidisha dawa," akasema. "Mikono yangu imekwisha, Yudith. Sishiki tena mnyama wa mtu."

Akachukua kichupa, akaelekea chooni kukitupa. Niliona aibu. Nikamkimbilia, nikamfunulia kanga.

"Si mikono yako. Nilimlisha mimi."

Aliangalia kile kipande cha maini. Nilingoja anifokee; hakufoka. Alirudi ndani, akakiweka kichupa mahali pake, akaketi.

"Maini yamebaki?"

"Yapo."

"Pakua tule," akasema. "Mwanaisha akirudi, utamwambia wewe."