Kibuyu cha Bibi na Mvuke wa Zebaki

Juzi nilipita Kizota nikamkuta fundi akifunga taa ya tyubu, zile zenye mvuke wa zebaki ndani, kwenye karakana yake. Ilipepesa, ikasita, kisha ikawaka nyeupe. Rafiki yangu, huwezi kuamini, nilisikia harufu ya uwele uliotwangwa na mlenda wa bibi.

Miaka ile nikiwa mwanafunzi, biashara ilikuwa imeachiwa huru na maduka yalianza kujaa, lakini uani kwa bibi majirani bado walileta chumvi wabadilishe na uwele. Kipimo kilikuwa kibuyu chake kilichokatwa mdomo. Chumvi isiyokijaza ulirudi nayo yote. "Kisichojaa hakijafika," alisema. Ikizidi, alichukua kibuyu kimoja, nawe ukaondoka na iliyobaki. Mwalimu wetu wa fizikia, mgeni mjini, alirudishwa na chumvi yake mbele yetu, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Kumbe hakusahau. Siku moja alitufundisha jaribio la zamani la Wajerumani wawili, waliorusha elektroni ndani ya chupa yenye mvuke wa zebaki. "Atomi ni yule bibi wa chumvi," akasema. Elektroni yenye nguvu pungufu iligonga ikadunda na nguvu zake karibu zote. Ilipofikisha kipimo, atomi ilikichukua kizima, elektroni ikaendelea na kilichobaki. Nilipigwa na butwaa. Nani aliikatia atomi kibuyu chake?

Tatizo, baba mkubwa alikwishaamua niache fizikia, nikajifunze kushona. Nililia. Neno la mwisho lilikuwa la bibi, kwa hiyo mwalimu akaja, akampa shikamoo, akamsimulia mambo ya zebaki. Bibi alisikiliza huku akipeta.

"Na hiyo atomi, ikishapokea, inatoa nini?"

"Inatoa mwanga, bibi. Kwa kipimo kilekile."

Akatua ungo. "Basi mtoto aende. Ila nusunusu sitaki."

Nikaenda, na sasa mimi ndiye ninayefundisha. Pale uani pana duka, na mzani wake unapokea hata robo. Kibuyu sijui kilipotelea wapi. Wanafunzi huniuliza kwa nini atomi hukataa pungufu, nami huwajibu kama nilivyosoma. Kisha narudi nyumbani nikijiuliza kama somo la leo lilijaa, na aliyeweza kunirudisha nalo hayupo.