Makaburi ya Povu ya Marlys Tvedt

Marlys Tvedt alianza kujenga makaburi mbele ya nyumba yake mwaka ule aliostaafu upishi wa shule. Alieleza mwenyewe kwamba alikuwa amezoea kupata watoto kwa jumla na hakujua angewapata vipi kwa rejareja. Mumewe alikuwa ameshatangulia. Wanawe walihamia Arizona, ambako watu wa mji wetu huenda wakishindwa na theluji, na wakishaenda hurudi kwa mazishi tu. Jioni ya Halloween, mwisho wa Oktoba, nyumba zinapopambwa kwa vitisho vya kuchezea na watoto huvaa kama mizimu na kuomba pipi mlango kwa mlango, ilimletea watoto wa mji mzima kwa mpigo, wenye njaa na kelele, kama zamani kwenye foleni ya chakula. Jioni nyingine zote za mwaka alikuwa na redio.

Kwa hiyo kila Oktoba alitoa gari bandani, akaweka meza ya mbao mahali pake, akaanza kukata. Mawe yake hayakuwa mawe. Yalikuwa povu gumu la rangi ya waridi, lile ambalo mafundi hulijaza ndani ya kuta kuzuia baridi. Aliukata kila ubao wa povu mviringo juu, akachora maandishi kwa chuma cha moto, povu likayeyuka na kutoa harufu mbaya iliyofika hadi kwangu ng'ambo ya barabara. Kisha alipaka rangi ya kijivu, na ikishakauka akaumwagia rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji, itiririke yenyewe kama mvua ya miaka mia. Ukisimama barabarani huwezi kuyatofautisha na yale ya nyuma ya kanisa. Ukiyashika, ni mepesi kama mkate. Aliyasimamisha kwa nondo nyembamba ili upepo wa ziwani usiyachukue, na mbele ya kila jiwe akarundika majani makavu yenye urefu wa mtu, buti moja likichungulia. Majani mengi yalikuwa yangu. Nilimpelekea kwa toroli, naye alinishukuru kana kwamba nimejinyima.

Lakini kilichowavuta watu ni majina. Marlys hakubuni majina ya kuchekesha, aliandika yetu. DEAN WOLK. ALIKATAA KUULIZA NJIA. Au: KRISTIN BOELTER. ALIKUFA KWENYE KIKAO. Kuwa na jiwe uani kwa Marlys ilikuwa heshima, na aliyerukwa miaka miwili mfululizo alianza kumuuliza mkewe, kwa sauti ya chini, kama amemkosea nani. Mameneja wa benki walizikwa pale. Mchungaji alizikwa pale mara tatu, na kila mara alileta familia yake ipige picha.

Kisha akazikwa Gordy Hanke. GORDY HANKE. ALISEMA BARAFU IMESHIKA. Gordy ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingiza gari lake juu ya ziwa lililoganda kila Desemba na wa mwisho kulitoa, kwa hiyo utani ulikuwa wa haki. Alilala kwenye majani mbele ya jiwe, mikono kifuani, akapigwa picha akiwa amefumba macho. Februari alikufa. Hakufa kwa barafu. Alianguka kwenye foleni ya duka la vifaa, bomba la sinki mkononi. Mkewe aliibandika picha ile kwenye ubao wa kumbukumbu mlangoni mwa kanisa, na watu wakacheka kwa roho nyeupe, wakasema Gordy angeipenda.

Oktoba iliyofuata ikawa zamu ya Arlene Pfaff, aliyekuwa na maneno ya kumtosha yeye na mtaa mzima. Alichagua maandishi mwenyewe: HATIMAYE AMENYAMAZA. Machi kiharusi kilimpiga kikamchukua ulimi. Kwa wiki kadhaa alikaa kwenye kiti kando ya dirisha, akiwatazama waliokwenda kumwona kwa macho makubwa ya mtu mwenye jambo la kusema. Pasaka ilipopita akafa. Safari hii hakuna aliyebandika picha.

Mji wetu hauamini uchawi. Naliandika hili ili msomaji asituelewe vibaya. Ni mji wa Walutheri, wauza bima na walimu wa hesabu, na neno lenyewe hatuna, ila la kuchezea na watoto. Kwa sababu hatuna neno, hatukuwa na namna ya kulizungumza, na jambo lisilozungumzwa lina nafasi kubwa ya kukua.

Wa kwanza kuja alikuwa Dean Wolk, anayefundisha hesabu sekondari. Ilikuwa mwanzo wa Oktoba ya tatu tangu jiwe la Gordy, nami nilikuwa pale na toroli langu.

"Umekuja kusimama au kushika ubao?" Marlys alimuuliza.

Dean akashika ubao. "Marlys, nimepiga hesabu kidogo," alisema. "Umri wa watu wa mtaa huu, idadi ya majina unayoandika. Wawili kufa ndani ya miaka miwili si kitu. Ni kawaida kabisa. Ningeshangaa wasingekufa."

"Pole sana kwa wasiwasi wako."

"Sina wasiwasi. Nakwambia ni kawaida."

"Haya. Basi mwaka huu nakuweka mbele, karibu na ngazi. Uonekane."

Dean aliutazama ubao kwa muda. Povu la waridi, halina hata herufi moja. "Mimi nilishakuwepo mara nyingi," alisema. "Wape wengine nafasi."

Wengine nao wakawapa wengine. Mchungaji alisema si vizuri mtumishi kupendelewa. Mjane wa Gordy hakuja kabisa. Watu waliotembeza mbwa upande wa kwa Marlys tangu mbwa hao wakiwa watoto, waligundua kwamba upande wangu una jua zaidi, ingawa Oktoba kwetu jua halina upande. Marlys aliwapungia mkono kutoka bandani. Nao wakampungia. Sisi ni watu wa adabu.

Halafu Kristin Boelter akaja na habari yenyewe. Kristin ni mama wa watoto watatu na ndiye mwenyekiti wa kila kitu. Alisimama kwenye mlango wa banda, hakuingia.

"Mwaka huu kanisa linafanya pipi za kwenye magari," alisema. "Watu wanaegesha pale uwanjani, wanafungua buti za magari, watoto wanapita gari kwa gari. Kwa sababu ya baridi."

"Baridi imeanza mwaka huu?" Marlys aliuliza.

"Na usalama."

"Usalama wa nini, mama?"

Kristin alirekebisha kofia yake. "Jua tu kwamba hakuna mwenye neno na wewe."

"Hilo ndilo linalonitisha. Jioni ile ile? Saa zile zile?"

"Ndizo zilizopangwa na halmashauri, Marlys. Siwezi kuhamisha Halloween."

Alipoondoka, Marlys aliendelea kukwangua ukingo wa jiwe hadi likawa na umbo baya. "Nimewalisha wale watoto na mama zao," aliniambia. "Huyo Kristin alikuwa hataki kula njegere. Namjua tangu ana meno ya mbele mawili." Kisha, akipuliza vumbi la povu mezani: "Wasipokuja, jirani, nitafanya nini na jioni ile? Nikae na taa ya baraza inawaka kama mjinga?"

Kwetu, jioni hiyo taa ya baraza ikiwaka mtoto anapanda ngazi, ikizimwa anapita. Hakuna sheria inayoheshimiwa zaidi mjini. Kuiwasha na asije mtu ni jambo ambalo sijawahi kuliona, na nilitambua kwamba yeye analiona usiku na mchana.

Akajaribu kupatana nasi. Aliamua mwaka huo mawe yote yawe matupu, bila jina la mtu, asiogope mtu. Aliyasimamisha Jumamosi, safu tatu za kijivu, laini kama sahani. Lilikuwa kosa. Jina la mwenzio lina faraja yake: angalau si lako. Jiwe tupu ni la kila apitaye. Jumapili baada ya ibada niliona magari yakipunguza mwendo mbele ya kwake, nyuso zikigeuka, kisha yakiondoka kwa kasi. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, dirisha likiwa wazi, "Mama, lile la mwisho ni la nani?" Mama yake alipandisha kioo.

Jioni ya Jumatatu Kristin alirudi, na Dean nyuma yake, mikono mifukoni.

"Marlys, yale mawe," Kristin alisema. "Watu hawalali."

"Nimetoa majina. Mlitaka majina yatoke."

"Ndiyo, lakini sasa... Si uandike tu kitu?"

"Niandike nani?"

Dean alisoma lebo ya kopo la rangi. Kristin alifunga kitufe cha koti lake. Nilijishughulisha na gurudumu la toroli, ambalo halikuwa na tatizo lolote. Marlys alitutazama mmoja mmoja, taratibu, kama alivyokuwa akitazama foleni kuona nani hajapata maziwa.

"Aa," alisema. "Nimeelewa."

"Hakuna aliyesema kitu," Dean alisema haraka.

"Hapana, mwalimu. Hakuna aliyesema."

Akachomeka chuma kwenye umeme. Tulisimama tukisubiri kipate moto, maana kuondoka kungekuwa kukosa adabu. Hakupiga mstari wala hakupima. MARLYS TVEDT, aliandika, na chini yake: ALIKUWA AKIWANGOJA. Moshi ulimfanya akohoe, na Kristin akarudi nyuma hatua moja. Sikuona mtu aliyepinga. Kuna kitu kilitulegea mabegani, sote watatu kwa wakati mmoja, na Dean akasema kuwa maandishi yametoka vizuri sana.

Asubuhi yake jiwe lilisimama mbele, karibu na ngazi. Kufika mchana mtaa wote ulikuwa na habari, na kufika jioni uwanja wa kanisa ulionekana una matope mengi mno kwa magari, na pipi za pale zikafutwa.

Watu wazima walianza kumtembelea kabla ya siku yenyewe. Kila mmoja alikuja na bakuli la viazi na nyama ya kusaga lililookwa na kufunikwa foili, bado la moto. Ni chakula kizuri. Kwetu hupelekwa kwenye nyumba yenye msiba, na chini ya bakuli mwenyewe hubandika utepe wenye jina lake ili lirudishwe mambo yakitulia. Marlys aliinua la Kristin juu, akalichungulia chini.

"Umesahau kuweka jina."

"Aa, usijisumbue kulirudisha," Kristin alisema, akamkumbatia kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi yetu.

Jioni ya Halloween walikuja wote. Sijawahi kuona foleni kama ile: mizimu, maharamia, nyuki mmoja mnene, dinosari watatu, hadi kona ya barabara na kuizunguka. Maboga yaliyochongwa nyuso yaliwaka kwa mishumaa ndani, moshi ulitambaa kati ya mawe matupu, na Marlys alisimama barazani na aproni yake ya shule, akigawa chokoleti nzima nzima, zile kubwa, akimwambia kila mmoja, "Sogea, mpenzi, nyuma yako wana njaa." Uso wake uling'aa. Watoto walisoma jiwe kwa sauti, wakamtazama, wakasoma tena.

"Bi Marlys, umekufa?" nyuki aliuliza.

"Bado, asali. Chukua mbili."

Wazazi hawakungoja barabarani kama kawaida. Walipanda hadi barazani, wakamshika mkono kwa mikono miwili. Asante kwa yote, Marlys. Watoto wetu hawatakusahau, Marlys. Mchungaji alisema alikuwa mfano kwetu, akarekebisha haraka: ni mfano. Walishuka ngazi wakiwa wepesi, wakicheka sana, na kila aliyepita kando ya lile jiwe aligusa juu yake kidogo, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Asubuhi ya Novemba mosi Marlys hung'oa kila kitu kabla ardhi haijaganda. Nilimwona akikusanya mawe matupu, manne kwapani kwa mpigo. Alipofika la mbele, Dean alikuwa ameshasimama pale na mbwa wake, upande ule ule aliouhama.

"Hilo liache kidogo," alisema. "Linapendeza."

"Hadi lini?"

"Kidogo tu."

Akaliacha. Theluji ikaja, ikafunika majani na buti, jiwe likabaki. Katikati ya Desemba upepo wa ziwani uliling'oa, nami nililiona likiwa limelala kifudifudi karibu na sanduku la barua. Kulipokucha lilikuwa limesimama tena, nondo zimepigwa chini zaidi, na theluji imekanyagwa kulizunguka. Nyayo zilikuwa za viatu vya aina nyingi. Sikuzichunguza sana, kwa kuwa za kwangu nazijua.

Na wageni hawamwishii. Hakuna siku asiyopitiwa na mtu kuangalia kama kalala vizuri, kama ngazi zina barafu, kama anakula. Redio haijawashwa tangu Novemba. Wiki iliyopita tulikuwa jikoni kwake, Kristin, Dean na mimi, na Marlys akimimina kahawa. Mashavu yake yalikuwa mekundu. Mwaka mzima sijamwona na afya kama ile.

"Oktoba nataka jeneza linalofunguka lenyewe," alisema. "Dean, utanipigia hesabu ya bawaba."

Dean alikoroga kahawa yake, ambayo hanywi na sukari. Kristin alitazama nje. Marlys akapaliwa, kitu kidogo tu, akakohoa mara mbili, na vikombe vyetu vitatu vikatua mezani kwa pamoja.

Alijifuta mdomo. Alitutazama mmoja mmoja. Kisha akasimama, akaenda kwenye rafu ambako mabakuli yalipangwa hadi juu, masafi, yanang'aa, akatoa la kwanza, lisilo na jina chini kama mengine yote, na kulishika mbele yetu.

"Haya yananijazia jiko," alisema. "Hili ni la nani?"

Nje upepo ulikuwa umeanza tena, na kutoka pale nilipokaa niliona jiwe likitikisika bila kuanguka. Bakuli la kwangu lilikuwa la tatu kutoka juu, la bluu. Hakuna aliyenyoosha mkono.