Mzigo Uliokohoa

Siku mzigo ulipokohoa mgongoni mwangu naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nikiikumbuka mwili bado unanisisimka. Usicheke kwanza. Ngoja nikusimulie kabla hujaondoka, halafu utachagua mwenyewe kama ni ya kucheka au ya kulia. Mimi nilifanya yote mawili, ila si siku moja.

Nilikuwa kapera wakati huo, na nilijivunia ukapera wangu kama wengine wanavyojivunia ng'ombe wa maziwa. Nilikaa hapahapa Old Moshi, kwenye kihamba, shamba la ukoo aliloniachia baba, migomba mbele na kahawa nyuma, pamoja na rafiki yangu Elifuraha, naye kapera. Mimi nilikuwa mpishi wa safari za mlimani, yeye mpagazi. Tukishuka na wageni tulilala mpaka tuchoke kulala, tukanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, tukapika ndizi pale njaa ilipotukumbusha. Nyumba haikuwa na mwanamke tangu mama atutoke, na wala hatukuona pengo. Wanaume wazima, tunapika, tunafua, tunabeba. Tulikosa nini?

Basi dada yangu Siael, aliyeolewa kule chini Chekereni kwenye mashamba ya mpunga, akashikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Mumewe alikuwa mbali kikazi. Akakimbizwa hospitali ya mjini, na kabla hajaingia wodini akamwomba jirani yake awalete watoto kwangu. Nilikuwa nimekaa mlangoni nafungua kamba za viatu vya mlimani, nikaona mama mmoja ananikabidhi watoto wawili na kifurushi cha nguo, huyo, akawahi gari. Neema alikuwa na miaka sita. Baraka ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia. Elifuraha alitoka ndani, akawatazama, akarudi ndani.

Wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Methali hiyo nilikuwa naisikia harusini nikiitikia kwa kichwa, huku macho yangu yako kwenye sahani ya nyama. Sasa ilikuwa imekaa sebuleni kwangu inalia.

Tufanye nini? Tulifanya kazi tuliyoijua. Asubuhi tuliwapelekea kila mmoja beseni la maji ya moto na sabuni, kama tunavyowapelekea wageni kwenye mahema. Jioni chai na bisi. Kabla ya kulala Elifuraha aliwauliza kwa adabu kama kichwa kinauma na kama wamekunywa maji ya kutosha. Tukitembea nao kwenda mtoni aliwatangulia akisema polepole, polepole. Siku ya pili Neema akaniangalia kwa huruma, akaniambia, "Mjomba, sisi siyo Wazungu."

Ng'ambo ya mpaka wa kihamba chetu aliishi Bibi Monika, mama aliyelea watoto wake na wa wenzake. Alipokuwa akipita na majani ya ng'ombe kichwani aliniuliza watoto wanaendeleaje, na mimi nilimpa shikamoo safi kabisa, nikamwambia tuko salama, bibi, hakuna shida. Angalia ujinga huo! Hata chumvi sikuwa nayo, sembuse akili ya kulea. Lakini mwanamume kuomba msaada wa kuosha mtoto, kwa akili zangu za wakati ule, ilikuwa sawa na kutembea uchi.

Kisha Baraka akaumwa. Alikataa uji, akatapika, akashika kichwa chake kwa mikono miwili. Nikatazamana na Elifuraha. Hayo tuliyajua! Mgeni akikataa chakula, akatapika, akalalamika kichwa, maana yake mlima umemkataa, na dawa ni moja tu: mshushe. Huyu mtoto wa Chekereni ameletwa huku juu kwenye baridi, tukasema, tumrudishe kwenye joto lake atapona. Leo nikisema hivi wajukuu wangu wanadhani natania. Sitanii. Mtu mwenye dawa moja huona ugonjwa mmoja.

Tatizo likawa kumbeba. Mtoto alikuwa amelegea, anawaka moto, hawezi kukaa mabegani. Kulikuwa na kanga ya mama kwenye sanduku, lakini nani atamfunga mtoto mbeleko, apite nayo barabarani, vijana wote wa Old Moshi wanamwona? Elifuraha alisema yeye bado anatafuta mchumba. Mimi nilisema na mimi pia. Basi, mwanangu, sikia tulichofanya, na usimwambie mtu kwamba mimi ni wa ukoo wako. Tulichukua begi kubwa la safari aliloniachia mgeni mmoja, tukalitandikia blanketi, tukamtia Baraka ndani. Mdomo wa begi tukauacha wazi kidogo ili apumue. Nikalitupia mgongoni. Mtu akiniona ataona mpishi anakwenda kazini.

Tukashuka kwa njia ya uchochoro, katikati ya mibuni, tukikwepa nyumba za watu. Neema alinifuata nyuma amenuna. Tulipita milango iliyokuwa wazi, na ndani tulisikia akina mama wakiongea na vyombo vikigongana. Tuliinamisha vichwa kama wezi wa kuku.

Kwenye kona ya mfereji tukakutana uso kwa uso na Bibi Monika anapanda na mzigo wake wa majani. Tukamwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza kama safari imeita tena, na watoto nimemwachia nani. Nikamjibu kwamba wapo, na huu ni mzigo wa mgeni, tunauwahisha.

Mzigo ukakohoa.

Mwanangu, nimewahi kusikia jiwe likiporomoka karibu na hema langu. Sikushtuka kama nilivyoshtuka siku ile. Bibi Monika alisimama palepale. Elifuraha naye akaanza kukohoa, maskini, ili ionekane ni yeye. Bibi hakumtazama hata kidogo. Alimtazama Neema, na Neema akasema, "Ni Baraka. Anaumwa."

Yule mama aliuachia mzigo wake wa majani ukaanguka mferejini. Hujui maana yake kama hujawahi kubeba majani kutoka tambarare mpaka huku juu. Ni kazi ya tangu alfajiri, na aliyaangalia yakisombwa na maji bila kujali. Akafungua begi. Baraka alikuwa amegeuza macho, midomo imekauka, hana hata nguvu ya kulia. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Nilikuwa nimetembea muda wote ule nikijipongeza kwamba ametulia.

"Mnampeleka wapi?" aliuliza.

Nikasema tunamshusha.

"Unamshusha wapi? Chini kuna nini? Chini kuna kaburi pia."

Akaniuliza ni nyumba ngapi nimezipita kutoka kwangu mpaka pale, na katika hizo ni ipi isiyo na mama. Nilidhani atanitukana kwa kutojua homa ya malaria, lakini hilo hakuligusa kabisa. Alisema kutojua si kosa, hata yeye hajui kumpandisha mtu mlimani. Kosa ni kumfungia mtoto mgonjwa ndani ya begi ili mimi nisichekwe. Kisha akavua kanga aliyojifunga juu ya gauni, akanigeuza kama mtoto mdogo, akamlaza Baraka mgongoni kwangu na kunifunga mbeleko kwa fundo ambalo mpaka leo nalisikia kifuani. Akanielekeza barabara kuu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mficha maradhi, kilio humfichua. Pita katikati ya watu, wakuone."

Nikapita. Loo! Kiborloni soko limejaa, na mimi nakimbia na kanga ya maua kifuani. Walicheka, mwanangu. Sikudanganyi kwamba walinihurumia. Wauza nguo walipiga vigelegele, kijana mmoja akaniuliza kama maziwa yanatoka. Masikio yaliniwaka kuliko yule mtoto. Lakini mwenye pikapu moja iliyosheheni ndizi akafunga breki mbele yangu, akafungua mlango. Alisema mwanamume hafungi mbeleko kwa raha zake, panda. Hakuniuliza zaidi ya hapo. Alipiga honi mpaka hospitalini.

Nimeliwaza jambo hilo miaka yote. Ningepita pale na begi langu, nani angesimama? Nani husimama kwa ajili ya begi?

Madaktari walimpokea Baraka, wakamtundikia maji, na muuguzi akaniambia bila kunibembeleza kwamba tungezunguka huko vichochoroni zaidi kidogo, tungekuwa tumeleta maiti. Nikakaa chini sakafuni. Nililia pale mbele ya watu, na kanga bado imefungwa kifuani.

Sasa, Siael alikuwa wodi ya wazazi, hospitali hiyohiyo, amejifungua mtoto wa kike na hajui lolote. Elifuraha alikuja nyuma na Neema na Bibi Monika. Akaninong'oneza kwamba mgonjwa hapewi habari mbaya, tumfiche Siael jambo hili mpaka apate nguvu, na huenda hata asijue kamwe. Nilishawishika, nakiri. Bibi Monika alitusikia. Alitikisa kichwa, akasema naona mnatafuta begi jingine.

Kesho yake nilirudi nyumbani, nikakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba. Unalijua jani hilo, limepandwa kila mpaka huku kwetu. Aliyekosa akilipeleka, aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa. Ndiyo maana halichezewi. Nikaenda nalo mpaka kitandani kwa dada yangu, nikapiga magoti, nikamweleza yote, begi na uchochoro na uongo wangu kwamba ni mzigo wa mgeni.

Siael alilitazama lile jani mpaka nikadhani ataivunja mila. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke. Akaniuliza kama Baraka anapumua. Nikamwambia asubuhi hii amekunywa uji, ameuliza mama yuko wapi. Hapo ndipo aliponyoosha mkono, akalichukua jani.

"Isale nimeipokea," alisema. Kisha akamwinua yule mtoto mchanga aliyelala pembeni yake, akaniwekea mikononi. "Siku tukitoka hapa, huyu utambeba wewe. Kwa mbeleko. Na tutapita Kiborloni."

Tukapita. Walicheka tena, na safari hii na mimi nilicheka. Siael alitembea pembeni yangu amemshika Baraka mkono, na hakuniomba mtoto wake hata mara moja mpaka tulipofika nyumbani, ambako Bibi Monika alikuwa anatusubiri na sufuria la mtori, supu ya ndizi ya mzazi.

Basi shika hili, mwanangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa hiyo usipouonyesha wako, hakuna atakayejua kwamba umekulemea. Siku hizi mabegi yenu ni mazuri kuliko lile langu. Mnaweka ndani ugonjwa, mnaweka mitihani mliyoanguka, mnaweka ndoa zinazovuja damu, halafu mnatuma picha mkicheka. Mficha uchi hazai. Gonga mlango wa jirani kabla mzigo haujakohoa. Watu watacheka, ndiyo, watu ni watu. Lakini katikati ya wanaocheka yupo mmoja mwenye pikapu. Na siku utakapokosa, usisubiri ukamatwe. Kata isale mwenyewe, ipeleke mchana.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mgongo imara na kanga ya kufungia unachokipenda. Akuzungushie majirani wenye masikio. Na popote utakapofika, akunyime begi la kufichia.