Mustari ya Wenceslas

Wenceslas alianza siasa na nyumba kumi na tano. Mukubwa wa isibo tu, cheo ya chini kabisa, lakini siku ile ile alinunua kalamu tatu akazipanga mufukoni ya shati. Kisha akapanda, akakuwa mukubwa wa mudugudu muzima, isibo zote za kijiji, akakaa pale miaka kumi. Mushahara, sifuri. Hotuba, usiulize. Siku ya umuganda, ile kazi ya wote, watu wanachimba mufereji, yeye anaongea mpaka wenye wanasikiliza wanachoka kuliko wenye wanachimba.

Sasa alitaka miaka mitano ingine. Aliitaka sana. Bila ile cheo, angesalimiwa na nani barabarani?

Kura ya mudugudu haina karatasi. Mugombea anasimama anaangalia mbele, wenye wanamutaka wanapanga mustari nyuma yake. Kugeuka, marufuku. Pembeni yake alisimama mupinzani wake, Mukamazimpaka, mama muuza viazi ya Mudende, mutu wa maneno kidogo.

Wenceslas akasikiliza nyuma. Kikohozi ya Abdu wa isibo yake, hii hapa. Harufu ya sambaza, zile samaki ndogo, donc Kaltumu muuzaji amefika. Akagusa kalamu zake. Bon, imepita.

Wakahesabu. Sitini na moja huku, sitini na moja kule.

"Kumebaki mutu moja," Abdu akasema. "Ule anapanda kilima. Bibi ya mukubwa."

Wenceslas akafungua mudomo aanze kushukuru watu. Drocella akafika, akapumua, akamuangalia bwana yake toka kofia mpaka viatu, akaenda kusimama nyuma ya Mukamazimpaka.

"Mama Manzi, unanifanya nini?"

"Papa Manzi, miaka kumi unasuluhisha nyumba za watu. Uzio yetu ilianguka lini? Mbuzi inalala kwa jirani. Nikikuambia, unasema nilete shida Jumanne kwa mukutano ya mudugudu."

"Si ungeleta."

"Nimeleta leo."

Kaltumu alicheka mpaka akaweka beseni chini.

Jumanne, Mukamazimpaka alifungua mukutano yake ya kwanza na maneno mawili: karibuni, mukae. Kisha akaanza na uzio ya Wenceslas. Akamupa siku tatu.

Alimaliza kwa mbili. Miti imenyooka, mbuzi iko ndani. Ukipita pale ukasema tu uzio ni muzuri, umekwisha: atakuelezea kila musumari, nusu saa, kalamu tatu mufukoni. Juzi alishika Abdu mukono akamuuliza polepole kama isibo yao, zile nyumba kumi na tano, iko na mukubwa.