Mama Alivyoikagua Ngome ya Mfalme

Siku yangu ya mapumziko naipenda nikiwa kitandani. Lakini mama alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Voi, na zilikuwa zimebaki siku chache arudi, na katika London nzima hakuwa ameona kitu ila kanisa letu la Wembley, soko na ukuta wa jirani. Akirudi wangemuuliza ameona nini, naye si mtu wa kusema uongo mbele ya wanawake wenzake. Kwa hiyo nikampeleka kwenye ngome ya kale iliyo kando ya mto Thames, ile ambayo kila mgeni hupelekwa. Mimi mwenyewe miaka yote hii nilikuwa sijaingia. Nafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee, na mtu anayeshinda akiinua watu wazima kutoka kitandani hatafuti ngazi za mawe za kupanda kwa starehe yake.

Ngome yenyewe ni kuta ndani ya kuta. Katikati limesimama jengo refu la mawe lenye minara minne pembeni, mitatu ya mraba na mmoja wa duara, na hilo ndilo la kwanza kujengwa. Tulimkuta mzee mmoja wa Kiingereza ambaye kazi yake ni kuwaeleza wageni, nikawa mkalimani. Nilitafsiri kivivu. Yeye akieleza kwa urefu, mimi nampa mama mkia wa habari.

Mama hakuwa na haja sana na wafalme. Aliweka kiganja ukutani, akapiga piga, akainama kutazama viungo vya mawe. Alikuwa anaikagua nyumba. Nilijua ameyatoa wapi hayo, kwa sababu nilikuwa nimemjengea nyumba Voi, na yeye ndiye aliyewasimamia mafundi.

Sisi tuliotoka Kenya tuna ugonjwa huo. Hujanunua kitanda cha maana huku, tayari umeshaanza msingi kule. Asiyejenga husemwa, hata na wale wasiojenga. Mama alikuwa amepanga chumba kwenye ploti, vyumba vimezunguka ua, bomba moja la maji katikati na wanawake kulizunguka kutwa. Nikamtoa. Nikamjengea nje ya mji, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, geti la chuma, askari, madirisha yenye nondo. Sasa ilibaki ghorofa. Mafundi walikuwa wanasubiri neno langu tu wamwage zege, na kila zamu ya ziada niliyoikubali kazini ilikuwa ya ghorofa hiyo.

Mzee akatueleza kwamba mfalme aliyejenga ngome alikuja kutoka ng'ambo, akaitwaa nchi kwa vita, na baadhi ya mawe aliyaleta kwa meli kutoka kwao.

"Kwani huku hakukuwa na mawe?" mama akauliza.

Mzee akasema yalikuwapo, ila ya kwao yalichongeka vizuri zaidi, akayataka pembeni na kwenye madirisha.

"Ndivyo mtu alivyo akiwa ugenini," mama akasema.

Mlango nao ulinishangaza hata mimi. Haukuwekwa chini, uliwekwa juu, na mzee akasema watu walipanda kwa ngazi ya mbao ambayo ingeweza kuondolewa hatari ikija.

"Na jirani akija kuomba chumvi?"

Hilo sikulitafsiri, lakini mzee aliniona nikibana kicheko, akataka kujua. Nikamwambia. Alicheka, kisha akajibu kwa upole kwamba hao majirani, watu wa mji, ndio mfalme aliokuwa akiwaogopa.

Tukapanda, mama na goti lake, mimi na mgongo wangu. Tukaonyeshwa mahali pa moto palipochimbwa ndani ya ukuta, vyoo vilivyofichwa kwenye unene wa ukuta huo huo, na tukaambiwa kisima kiko chini kabisa, ili waliomo wakizingirwa wasife kiu. Mama aliyakubali yote kama mtu anayepokea funguo. Alipoambiwa kwamba mfungwa wa kwanza kukumbukwa alikuwa askofu, na kwamba aliwalewesha walinzi akashuka dirishani kwa kamba iliyoletwa ndani ya pipa la mvinyo, alitikisa kichwa. "Askofu mzima," akasema, lakini uso ulikuwa umemkunjuka.

Kulikuwa na kanisa dogo huko juu, lenye nguzo nene za duara na mwanga mzuri. Mama akapata pa kukaa. Nami nikakaa, nikahisi miguu ikinishukuru.

"Muulize," akasema, "mfalme alikuwa akilala chumba gani."

Mzee akakuna kidevu. Alisema ni vigumu kujua, kwa kuwa wafalme walilala humu kwa nadra. Walikuwa na makazi mengine ya starehe zaidi. Jengo hili, alivyoona yeye, lilikuwa la kuonekana zaidi kuliko la kukaliwa. Akaenda kwa wageni wengine.

Nikamtafsiria mama. Akanyoosha leso yake magotini.

"Hata mimi silali kule," akasema.

"Kule wapi?"

"Kwenye nyumba. Nilirudi ploti. Chumba changu kilikuwa na mtu, nikapewa cha pembeni."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na nani analala kwenye nyumba?"

"Askari. Na kuku wake."

Nikamuuliza kuhusu picha alizokuwa akinitumia, yeye kwenye kochi, yeye jikoni. Akasema kila Jumapili baada ya ibada huenda, hufungua madirisha, hupigwa picha, hufunga, hurudi ploti kupika.

Nilikasirika, sitaficha. Nilikasirika mpaka nikasikia joto masikioni, kanisani humo. Nikamwambia nimevunjika mgongo kwa ajili ya nyumba ile.

"Najua, mama," akasema, maana ndivyo anavyoniita. "Lakini ule ukuta ulimzuia mwizi, ukawazuia na wenzangu. Walianza kupiga simu kabla ya kuja. Kisha wakawa wanapiga simu tu. Siku moja niliteleza bafuni. Nililala sakafuni mpaka askari alipokuja kuchota maji."

Wazee ninaowalea wana kengele kando ya kitanda. Mama yangu nilimwekea geti.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kila ukipiga simu umechoka, na unasema umechoka kwa ajili ya nyumba. Nikuambie silali humo?" Akanishika mkono. "Usiweke ghorofa. Na nikirudi, niache niende ploti bila kujificha."

Sikumjibu vizuri. Nilisema tu sawa, kwa sauti ya mtu anayekubali apakuliwe chakula asichokitaka. Lakini tulipotoka nje nilimpigia fundi, nikamwambia zege lisimwagwe, si mwezi huu wala ujao. Aliniuliza kama kuna msiba. Nikasema hapana.

Kwenye treni mama alisinzia. Tulipotoka chini ya ardhi simu yangu ikapata mtandao, na ujumbe ukaingia kutoka kwa msimamizi wangu wa kazi: kuna mtu anaumwa, naweza kushika zamu ya Jumapili? Kidole kilikuwa kimeshaandika ndiyo. Nikafuta. Nikaandika hapana, nikafuta hiyo pia. Miaka yote hii, nyumba ile ndiyo iliyokuwa ikijibu swali hilo kwa niaba yangu. Sasa nimeulizwa mimi, na vituo vikapita kimoja baada ya kingine, na nilichoka sana, na sikujua nijibu nini.