Waliomfuata Masanja

Msimu mmoja wa mavuno ya pamba, uwanjani Bariadi, nilimwona Masanja akiwanyang'anya wacheza ngoma watazamaji wao. Kwetu washindani hucheza kwa wakati mmoja, pande mbili za uwanja. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Upande mmoja walikuwapo wacheza ngoma na chatu wao. Upande wa pili Masanja wa Bukundi, peke yake na kinanda cha mdomo. Alipiga, akatembea kwa mikono, akaiga maksai anayegoma kuvuta plau. Umati wote ukahamia kwake.

"Ni dawa ya babu," aliniambia baadaye. "Nimekipaka kinanda."

"Ni vichekesho vyako tu. Thibitisha hiyo dawa."

"Ee, msomi! Hata mama yako ulimdai cheti cha kukuzaa?"

Baadaye tukawa askari wa kikosi kimoja, mashariki mwa Congo, tukilinda wakimbizi.

Asubuhi moja makombora yalianza kushuka kutoka mlimani. Watu walijibanza sokoni, chini ya maturubai. Ng'ambo ya barabara palikuwa na shule ya matofali. Tuliwaita waje, hawakutoka. Hawakuziamini sare zetu, na sikuwalaumu.

Nikamwambia Masanja, "Dawa yako iko wapi? Wavute."

"Unatania?"

"Wavute."

Akasimama barabarani, akapiga.

Mtoto mmoja akachungulia. Kisha mama yake. Kisha wengi.

Akarudi kinyumenyume hadi shuleni, nao wakamfuata. Mimi nilibaki nikiwahimiza wa mwisho.

Kombora likaangukia shule.

Masanja alifia mlangoni. Ndani hakutoka mtu.

Sokoni hapakuguswa.

Wenzangu husema uamuzi ulikuwa sahihi: tofali ni bora kuliko turubai. Sahihi kwa nani? Bukundi wanasema mshindani wake wa ngoma alimroga. Nimesoma vya kutosha kuucheka uchawi, lakini maelezo yao yana nafuu moja: hayanitaji mimi.

Nilikwenda kumwona mama yake. Alinipa kiti, yeye akakaa chini.

"Ng'wanone," aliniita, yaani mwanangu. "Nani alimwambia akapige pale?"

Mimi ninayehoji kila kitu niliulizwa swali moja.

"Mkuu wetu, mayu."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Akanishukuru kwa kufika kutoka mbali, kisha akaagiza nichinjiwe kuku.

Nikala.