Laptop Isiyougua Mbele ya Fundi

Saa moja na nusu asubuhi, sindano ya cherehani inakimbia juu ya kitambaa cha bluu, lakini Mama Nembo haitazami. Macho yake yako kwenye saa ya ukutani. Mgongo wa mkono wake wa kushoto umebandikwa chini ya laptop, kama mzazi anayepima homa ya mtoto.

"Dakika ya saba," anasema bila kugeuka. "Ikimaliza mdomo wa ndege, tumepona."

Mdomo unaisha. Anaruka kitini, anachomoa waya, anaizima laptop na kuisogeza dirishani. Nembo moja ya shule imekamilika: ndege wa njano juu ya kitabu kilichofunguliwa, mishono elfu sita. Sasa ni lazima asubiri nusu saa laptop ipoe. Akilazimisha nembo ya pili papo hapo, ikifika dakika ya kumi na moja laptop inajizima, na sindano inaganda katikati ya bawa.

Cherehani yake ya kudarizi ni ya zamani na haina kumbukumbu. Kila mshono inaambiwa na laptop kupitia waya. Laptop ikizimika, cherehani inapotea njia, na nembo hiyo haiungiki tena.

Kwenye kikapu kando ya mlango kuna ndege ishirini na sita walioishia njiani. Wengine hawana kichwa, wengine wana bawa moja.

"Hao ni marehemu," anasema na kucheka, ila kicheko chenyewe hakifiki mbali.

Hatulii. Katika nusu saa ya kusubiri anafagia chumba mara mbili, anahesabu rili za uzi alizokwisha kuzihesabu, anakwenda dirishani kuigusa laptop, anarudi, anakwenda tena. Ana miaka arobaini na saba, na kwa miezi saba sasa, hivi ndivyo anavyofanya kazi: dakika nane za kushona, dakika thelathini za kuzunguka chumbani.

Shule imeagiza nembo mia tatu na ishirini, zote zifike Jumatatu ijayo kabla wanafunzi hawajafungua. Leo ni Jumatano, na zilizo tayari ni mia moja thelathini na mbili. Mwalimu mkuu amekwisha kusema kwa upole wote kwamba zisipofika, kazi ya muhula ujao ataipeleka kwingine. Shule hiyo ndiyo inayompa zaidi ya nusu ya kipato chake cha mwaka.

Lakini kinachomnyima raha zaidi ni simu. Kwa miaka kumi na tisa alishona kola za mashati katika kiwanda cha nguo. Kola tu, hakuwahi kushona shati zima. Aliondoka miaka mitatu iliyopita, akachukua kiinua mgongo chake, akanunua cherehani hii ya mtumba na laptop mpya. Wiki iliyopita msimamizi wake wa zamani alimpigia kumwambia kuna kiti kimoja wazi kwenye mstari wa kola, na anataka jibu ifikapo kesho, Alhamisi.

"Ni mtu mwema, hanitakii mabaya," anasema Mama Nembo. "Ila nikikifikiria kile kiti, naziona kola tu."

Laptop aliinunua katika duka kubwa la vifaa vya umeme, duka lenye sakafu inayong'aa na kiyoyozi cha kumtia mtu mafua. Dada wa kaunta alimshawishi aongeze fedha kidogo apate waranti ya nyongeza, miaka miwili juu ya ule mmoja wa watengenezaji. Fedha hiyo "kidogo" ilikuwa sawa na kodi ya chumba chake cha kazi ya miezi miwili. Alilipa. Waranti hiyo inakwisha baada ya siku tisa.

Ameipeleka laptop dukani mara tano. Mara tano wamekaa nayo wiki nzima, na mara tano imerudi na karatasi yenye maneno yale yale: Imefunguliwa, imesafishwa, imepimwa, haina hitilafu.

Hapo ndipo penye mtego. Mume wake, fundi mwashi anayesoma polepole na penseli nyuma ya sikio, alikisoma kijitabu chote cha waranti, kurasa ishirini na mbili, kazi ambayo pengine hakuna mteja mwingine amewahi kuifanya. Kifungu cha kumi na moja kinasema kifaa kikionekana na hitilafu ile ile mara tatu, mteja atapewa kipya. Lakini kisichoonekana na hitilafu hakihesabiwi hata kikipelekwa mara mia.

"Hii laptop ina adabu ya mkwe," anasema mume wake. Tangu iingie nyumbani ameiita Mama Mkwe, kwa sababu ndiyo iliyopewa meza nzuri na hakuna anayeruhusiwa kupaza sauti karibu nayo. "Hapa kwetu inapandisha joto na kuzira. Ikifika kwa watu, inatulia, inatabasamu."

Mara ya tano, Mama Nembo alimwuliza fundi wa duka, "Kwani mnapoipima, inakuwa inafanya kazi gani?"

"Inawaka tu, mama. Tunaiacha inawaka."

"Baba, mtu mwenye goti bovu utamjuaje amelala kitandani? Si lazima atembee?"

Fundi alicheka. Yeye hakucheka. Alirudi nyumbani, na usiku huo akamwambia mume wake kwamba safari ijayo hawatapeleka laptop peke yake. Watapeleka na cherehani.

Safari hiyo ni leo. Saa nne asubuhi cherehani ya kilo thelathini na nane iko juu ya mkokoteni, imefungwa blanketi, na mwashi anausukuma huku mke wake akitangulia mbele kuondoa mawe njiani. Mlinzi wa duka anawatazama kana kwamba wamekuja kuhamia.

"Tumekuja kupima laptop," anasema Mama Nembo.

"Na hilo blanketi?"

"Ni kipimo chenyewe."

Dada wa kaunta, ambaye sasa anamfahamu kama ndugu, anawaonyesha meza karibu na friji za maonyesho. Meneja anatoka ofisini akitabasamu, maana hana wasiwasi. Fundi anakuja na bisibisi mfukoni. Saa nne na dakika ishirini sindano inaanza.

Nembo ya kwanza inakwisha salama. Anabadilisha kitambaa upesi upesi, anaanza ya pili. Dakika ya kumi na moja inafika, inapita, na laptop inaendelea kama vile haijawahi kuugua maisha yake. Kiyoyozi kinaipuliza usoni. Nembo ya pili inakwisha, ya tatu nayo inakwisha. Wateja watatu wamesimama kutazama, na mmoja anauliza bei ya nembo.

"Mama, unaona mwenyewe," anasema meneja kwa sauti ya kumliwaza. "Iko sawa kabisa."

Mama Nembo anaweka kitambaa cha nne. Anakaa, anasimama, anakaa. Miezi saba ameiomba mashine hii isizimike, na leo anasimama mbele za watu akiiomba izimike. Baadaye atasema kwamba aliona haya mpaka masikio yakawaka moto, na kwamba kwa dakika kadhaa aliamini kweli tatizo ni yeye.

Dakika ya thelathini na moja, katika nembo ya nne, kioo kinakuwa cheusi. Sindano inaganda.

"Iguse," anamwambia fundi.

Fundi anaweka kiganja chini ya laptop na kukiondoa haraka. Anapuliza vidole. Bila kusubiri amri ya mtu anaigeuza na kutoa bisibisi, kisha anasita. Juu ya skrubu ya katikati kuna kibandiko kidogo cha kiwandani, kizima, hakijachanwa hata pembeni.

Mwashi ndiye anayeanza kuelewa. Anatoa mfukoni zile karatasi tano na kuzipanga mezani moja moja. Imefunguliwa, imesafishwa. Imefunguliwa, imesafishwa.

"Sasa mwanangu," anamwuliza fundi taratibu, "mliifungulia wapi?"

Fundi ana miaka kama ishirini na nane. Anamtazama meneja, anatazama karatasi, anatazama kibandiko. "Tuliandika tu, mzee," anasema. "Ikiwaka vizuri huwa hatufungui. Foleni ni kubwa."

Meneja si mtu wa kushindwa mbele ya wateja. Anaona mfuko uliobebewa laptop, anaunyanyua. Ni mfuko wa kitambaa kizito, umetiwa sponji ndani na kudariziwa maua pembezoni. Anaugeuza, anaona umekatwa tundu la waya na tundu la vitufe. Si mfuko wa kubebea. Ni vazi.

"Na hili ulikuwa unaivalisha ikiwa inafanya kazi?"

Mama Nembo angeweza kusema hapana. Anasema ndiyo.

"Mimi ni mtu wa kitambaa," anaeleza. "Chumba changu kina vumbi la nyuzi kutwa. Niliona yale matundu ya pembeni, nikadhani ndiyo njia ya vumbi kuingilia, nikayaziba. Nililishona kwa siku mbili. Nililivua miezi mitano iliyopita, dada wa kaunta aliponiambia laptop inapumulia hapo. Nilijisikia mjinga, sitaficha."

"Basi ni matumizi mabaya," anasema meneja. "Waranti haihusiki."

Mtu anaweza kudhani mambo yameishia hapo, na mwashi ameanza kukunja blanketi. Lakini fundi amekwisha kukichana kile kibandiko. Anafungua kifuniko, na ndani kuna manyoya ya uzi wa bluu na njano, kiasi cha kujaza kijiko. Anayaondoa yote kwa brashi, anaiwasha laptop ikiwa wazi, anawaita wote wasogee. Feni haizunguki. Anaisukuma kwa ncha ya bisibisi. Inayumba, inakwaruza, inasimama.

"Mhimili wake umepinda," anasema. "Koti linaongeza joto, bosi. Nyuzi zinaongeza joto. Ila koti haliwezi kupinda chuma. Na kama tungeifungua mara ya kwanza, tungeliona hili miezi saba iliyopita."

Meneja anakubali kwa mdomo wa kubana. Anachukua fomu na kuandika: hitilafu ya feni, mara ya kwanza.

"Ya kwanza?" Mama Nembo anausukuma mkono wa meneja mbali na karatasi, kwa adabu lakini kwa nguvu. "Baba, andika nimefika hapa mara sita. Andika mara tano hamkufungua. Andika na koti langu, sikatai. Andika yote kama yalivyokuwa, ndipo niweke sahihi."

Inachukua robo saa. Mwishowe yote yanaandikwa, pamoja na koti, na fundi anatia sahihi yake chini bila kulazimishwa. Fomu itakwenda makao makuu. Jibu litatoka ndani ya siku kumi na nne: kutengenezwa, kubadilishwa, au kukataliwa. Kwa kuwa imepokewa kabla waranti haijakwisha, kuchelewa kwao si kosa lake.

"Na kifungu cha kumi na nne?" anauliza mwashi, akilamba ncha ya penseli. "Kifaa kikikaa zaidi ya siku tatu, mteja anapewa cha kutumia kwa muda."

Meneja anaweka kalamu chini. "Mzee, wewe ni mwanasheria?"

"Mimi najenga kuta. Ila nasoma kabla ya kuchanganya saruji."

Wanaondoka na laptop ya maonyesho, yenye alama za vidole vya wateja wa mwaka mzima, ambayo fundi ameihamishia programu ya kudarizi. Dada wa kaunta anawasaidia kuifunga juu ya mkokoteni.

Alhamisi saa tisa alasiri, katika chumba cha kazi, sindano haijasimama tangu asubuhi isipokuwa kubadilisha kitambaa. Zimefika nembo mia moja na tisini. Laptop ya kuazima ina feni yenye kelele, na Mama Nembo anasema hajawahi kusikia sauti tamu kama hiyo. Hata hivyo, kila baada ya dakika chache mkono wake unakwenda chini ya laptop wenyewe. Anaurudisha, unakwenda tena.

Hajui makao makuu watajibu nini. Wakikataa, laptop hii ya kuazima itarudi dukani na yeye atabaki na cherehani bubu. Mpango wake ni kuwekeza malipo ya shule yote kwenye cherehani yenye kumbukumbu yake yenyewe, ya mtumba pia, hata kama itamchukua mihula mitatu. Anataka siku moja ashone sare nzima, kuanzia kola hadi nembo.

"Wala sikuwaomba laptop mpya," anasema. "Niliwaomba mtu aifungue, aangalie. Basi."

Simu inaita juu ya rundo la vitambaa. Ni msimamizi wa kiwanda. Mama Nembo anaitazama ikiita mara mbili, mara tatu. Waranti haijajibiwa. Nembo mia moja na thelathini bado hazijashonwa. Mtu mwenye akili zake angeomba apewe wiki moja ya kufikiria.

Anaibana simu kwa bega sikioni huku mikono ikinyoosha kitambaa kwenye fremu.

"Shikamoo bosi. Nashukuru sana kwa kunikumbuka, kutoka moyoni." Anabonyeza kitufe, sindano inaanza kukimbia, na inabidi apaze sauti. "Hapana, kiti mpe mwingine. Mimi niko kazini."